Mbeleko Ndani ya Transfoma

Jubilei ilipokaribia, kiwanda cha transfoma kiliitoa ghalani transfoma ya kwanza kabisa kutengenezwa pale, na Tausi akapewa kazi ya kuisafisha ili wageni waione. Alipoifungua na kumwaga mafuta yake meusi, alikuta koili moja imefungwa vipande vya kitambaa badala ya utepe wa kuhami umeme. Maua ya kitambaa kile yalikuwa bado yanaonekana.

Bi Mize, mstaafu pekee aliyesalia miongoni mwa walioisuka, aliitwa aje kuona. Alikitambua kitambaa mara moja.

"Utepe ulituishia, mwanangu, na tajiri alikuwa akiingoja mashine. Mama yako alikushusha mgongoni, akaichana mbeleko yako. Alisema atakununulia nyingine mwisho wa mwezi."

"Akaninunulia?"

"Mwisho wa mwezi hakuufikia."

Tausi hakuwa hata na picha ya mama yake.

Meneja alipita, akachungulia. "Kitoe hicho. Tutafunga utepe mpya, wageni wasije wakadhani tulianza na matambara."

Tausi alivifungua vile vipande taratibu, kimoja kimoja, asije akavirarua. Transfoma ile ilikuwa imezimwa tangu yeye hajaolewa, na chuma chake kilikuwa cha baridi. Lakini kitambaa kilipomjaa mikononi kilikuwa na joto, kama nguo aliyoivua mtu sasa hivi.

"Bi Mize, hebu shika. Kina joto."

Bi Mize alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kabla hajakigusa. "Hilo alikuachia wewe, mwanangu."