Kiitikio Alichokijua Pimbi

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wasemaji kutushinda sisi, Nungunungu alijigamba kwamba ametunga hadithi ambayo sikio halijapata kuisikia. Kasoro yake ilikuwa moja tu: masika yote alikuwa akiusaka mwisho wake asiupate.

Akawakusanya wenzake, akaanza kuwafundisha wimbo wa hadithi ili wapate kumwitikia. Kabla hajafika kwenye kiitikio, Pimbi akaitikia, neno kwa neno.

Miiba ikamsimama Nungunungu. "Mwizi wee! Wimbo nimeutunga juzi, umeujulia wapi?"

"Kwa bibi yako," akasema Pimbi. "Alikuwa akituimbia watoto wote wa mlimani, huku akimenya viazi mwitu. Umesahau, ndugu yangu?"

"Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, ila mwisho wa hadithi yake hukuwahi kuusikia. Kila siku usingizi ulikuwa ukikuchukua mapajani pake."

Harufu ya viazi vile ikamjia Nungunungu puani, na miiba ikalala mmoja mmoja. Akashuka kwenye kigoda cha msimulizi, akaketi chini pamoja na wasikilizaji.

"Basi nimalizie, Pimbi," akasema. "Leo sisinzii."