Rangi ya Sufuriani

Mdogo mtu aliivuta kamba kwa pupa hata akakaribia kutumbukia mtoni. Nyuma yake, kwenye gati la karakana ya mashua, kaka yake alisimama akingoja kucheka.

"Polepole, Daktari wa Sufuria," kaka mtu alisema. "Ukizama, nitamwambia nini shemeji?"

Wateja watatu, wote wenye mashua, wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Mwisho wa kamba ile palikuwa na ubao alioupaka rangi yake mwenyewe, na kila alichokuwa nacho duniani kilitegemea ubao huo utatokaje majini.

Tangu serikali ipige marufuku rangi ya zamani, karakana ilikuwa inakata roho. Mashua isiyopakwa kitu huota makombe ya chaza na majani ya maji mpaka inakuwa nzito, injini inakunywa mafuta bure. Rangi ya zamani iliyaua yote hayo, ikaua na samaki. Kaka mtu alitii sheria upesi ajabu. Afisa wa mazingira alipokuja kukagua ghala, alikuta mapipa yote matupu, yamesuuzwa, yanang'aa. Alimpa mkono wa pongezi, asiulize rangi ilimwagwa wapi.

Ndipo mdogo mtu akaanza kupika nta na utomvu kwenye sufuria ya mkewe. Nyumba ikanuka, mke akalalama, mafundi wakapata cha kuchekea. Mwishowe kaka mtu akatoa sharti. Ubao ukae mtoni msimu mzima. Ukitoka safi, nusu ya karakana ni yako.

"Ukitoka na kombe hata moja, unabeba mkeo, mwanao na sufuria yako, mnahama kwangu. Nimechoka kulisha wapishi."

Hakuwa anatania. Chumba chao alikwisha kumwahidi mpangaji.

Kamba ilipanda laini, haikumchuna viganja kama kamba za zamani. Maji yalikuwa maangavu, mawe ya chini yakionekana moja moja, bila samaki hata mmoja.

"Mto umetakata," mteja mmoja alisema.

"Sheria hiyo," akajibu afisa, aliyekuja kushuhudia. Alisema kwa fahari utadhani mto ni wa baba yake.

Ubao ukatoka. Safi. Mdogo mtu akaugeuza, nako safi. Akaupitishia kucha akitafuta hata kipele kimoja, asikione. Akalia mbele za watu bila haya.

Kaka mtu alimsogelea. Kisha akamkumbatia, mara ya kwanza tangu walipomzika baba yao.

"Nimekuonea, mdogo wangu. Nusu ni yako."

Wateja wakaanza kugombea zamu, maana mashua zao zilikuwa zinamalizia mpako wa mwisho wa rangi ya zamani. Huyu yangu kwanza, yule yangu kwanza. Mdogo mtu akachomoa simu, akampigia mkewe.

"Fungua mizigo, mama. Hatuendi popote!"

Upande wa pili mke alipiga kigelegele mpaka wote gatini wakasikia.

"Hongera sana," afisa alisema. "Sasa tumalize utaratibu. Nivutie na ule mwingine."

Ule mwingine ulikuwa ubao mtupu, usiopakwa kitu chochote. Afisa mwenyewe aliutundika kando ya ule wa rangi, siku ileile, ili baadaye wazilinganishe. Mdogo mtu akaivuta kamba yake huku bado akicheka na kufuta machozi, akiwaita wateja wasogee waone makombe yanavyofanana na ukoma.

Ubao ukatoka mweupe pe, kama siku ulipotoka kwa seremala.

Afisa akaugeuza, hata kombe moja hakuna. Kaka mtu akautazama ubao, akayatazama maji, akamgeukia mdogo wake.

"Mpigie tena mkeo," akasema.