Mteja Mwenye Kipara

Mtu aliyeingia saluni alikuwa na kipara kinachong'aa kama sufuria mpya, lakini aliketi kwenye kiti na kuinua kidevu ili afungwe shuka.

"Mzee, hapa umenishinda," kinyozi akasema. "Nitanyoa nini?"

"Cha kufanya hakikosekani, Kisima."

Jina hilo alipewa na wateja: siri ukiitumbukiza kwake, hairudi juu. Lakini huyu hakuwa mteja wake. Kinyozi akamfunga shuka, akachukua taulo na kuanza kumfuta kichwa polepole, kama anayetafuta pa kuanzia. Ghafla mkono wake ukasimama.

Mgeni alikuwa akiwaza jengo lisilo na madirisha. Ndani yake, bibi kizee amefungwa nyaya kichwani, na mtu mwenye koti jeupe anamwambia mwenzake: wazee hawadumu, ukibahatika wiki moja.

"Mbona kimya?" mgeni akauliza, akimtazama kwenye kioo.

"Natafuta bei ya kunyoa hewa."

Mgeni akacheka kicheko cha meno tu. "Sisi ni chama kidogo. Hatuna bango wala ofisi ya kuonyesha watu. Tunafuatilia mambo yasiyoelezeka: nyumba zinazolia, watoto wanaoota ya kesho, watu wanaosikia yaliyomo vichwani mwa wenzao. Tumeambiwa mmoja wao yumo katika nyumba hii."

"Mmedanganywa."

"Kuna mwalimu alikuja kunyoa ndevu hapa. Hamjuani. Kabla hajafungua mdomo ukamwambia, ile kamba uliyonunua irudishe dukani. Uongo?"

Haukuwa uongo. Mwalimu yule alilia mpaka povu likamkaukia kidevuni, kisha akarudi nyumbani kwa wanawe. Wanasema wema hauozi. Huu ulikuwa umenukia mbali mno.

"Nilibahatisha."

"Haya, basi si wewe." Mgeni akajifungua shuka, akasimama. "Nani mwingine anaishi humu?"

Nyuma ya pazia, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na saluni, alilala mama yake kinyozi. Tangu apigwe na kiharusi hakuwa ametamka hata neno moja. Mgeni akanyoosha mkono kulishika pazia.

"Mwache mama yangu," kinyozi akasema. "Ni mimi."

"Ala! Sasa tunaelewana. Njoo garini nikupime."

"Nipime hapa hapa. Kazi sijafunga."

Mgeni akafumba macho. Kinyozi akashika ukingo wa meza, akasubiri.

"Mbuzi," akasema. "Mweupe, ana kengele shingoni. Ulimpenda kama ndugu. Babu yako alipomchinja ulilia, ukala huku unalia, halafu ukaomba uongezwe."

Mgeni akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyewahi kuwa mtoto. "Hilo hata mke wangu halijui," akanong'ona. Akatoa simu. "Tumempata."

Hata hivyo alilifungua pazia. Akamwona kikongwe mwenye mdomo uliopinda, mate yakimtiririka shavuni, macho darini. "Maskini," akasema, akalirudisha pazia.

"Nikikataa?" kinyozi akauliza.

"Gari letu haliondoki tupu."

Dada yake, fundi cherehani wa chumba cha pili, akaja mbio na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. "Kaka, unakwenda wapi na huyu mtu?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo unaacha mkasi mezani?"

"Nisikilize, mdogo wangu. Mama akifumba jicho la kulia, anasema ndiyo. La kushoto, hapana. Mgeuze mara kwa mara, mgongo usimchubuke. Na umuulize kila kitu. Usimkisie."

"Unaniaga kama anayekufa!"

"Ninakuaga kama anayekuamini."

Akapiga magoti kando ya kitanda. Chozi lilikuwa limetoka kwenye jicho moja la mama na kuingia sikioni. Akalifuta kwa kidole gumba. Waambie ukweli, mwanangu, mama alikuwa akiwaza. Mimi nimeshaishi. Waambie.

"Siku tuliyomzika baba uliniomba nini?" akamnong'oneza. "Na mimi nilikuahidi nini? Basi."

Mama akafumba jicho la kushoto. Akalifumbua, akalifumba tena, na tena.

"Ahadi ni deni, mama," akasema, akambusu paji la uso.

Gari lilikuwa na viti vizuri, lakini milango ya nyuma haikuwa na vitasa upande wa ndani. Mgeni akaketi kando yake, amechangamka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Dereva akaliondoa gari taratibu, akikwepa mashimo.

"Njia ni ndefu," mgeni akasema. "Hebu nichangamshe. Sasa nawaza nini?"

"Cheo watakachokupa kwa kunipata mimi," kinyozi akasema. "Na unaona haya kidogo."

Mgeni akajipiga paja kwa furaha. Gari likakata kona, likashika barabara kubwa, likaongeza mwendo.

"Na sasa je?"

Kinyozi akakitazama kile kipara, uso ule, tabasamu lile linalosubiri. Hakusikia kitu. Sauti ya mama yake, ambayo tangu utotoni ilimsimulia kimoyomoyo yote yaliyomo vichwani mwa watu, ilikuwa imebaki nyuma ya kona. Naye, ambaye mwenyewe hajawahi kusikia wazo la mtu yeyote asipoletewa na mama, akafunga mdomo, siri ya mama isitoke, kama alivyoahidi.