Konvertisa ya Mbusa

"Kaza zaidi, papa," Kasoki alisema. "Mbusa alikuwa anakaza mpaka kichwa inaluma."

Rigobert akakaza kitambaa machoni pa mke wa rafiki yake, kisha akamvalisha masikioni kaske zake kubwa za ngozi, zile ambazo kwa kawaida hakuruhusu mtu azishike. Simu ya Kasoki ilikuwa mapajani, laini wazi. Upande wa pili, katika mtaa wa Kenya wa hapa hapa mjini, vijana walikuwa wamemfunga shemeji yake Ézéchiel kwenye gurudumu la lori. Walingoja jibu kutoka nyumba hii ya mtaa wa Golf. Wakiambiwa ni yeye, Ézéchiel hamalizi siku.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu mashariki ya Kongo iwake moto wa vita, mtu wa kule Butembo aliye hapa Lubumbashi hakuwa mtu tena, alikuwa mshukiwa. Wenye maduka walifunga, wenye malori wakajificha. Mbusa hakufunga. Alasiri moja kwaya ya parokia ilifanya mazoezi kwenye depo yake, naye akairekodi kama kawaida yake. Kwaya ilipotoka, kinasa sauti kikasahaulika juu ya magunia ya maharage, kinaendelea kunasa. Ndipo wakaingia watu wawili wenye bunduki, wasio na sare, wakamchukua. Hajaonekana hadi leo. Mdogo wake Ézéchiel, dereva, alilazwa kifudifudi chini ya lori na hakupigwa hata kofi. Hilo ndilo lililomponza.

"Kulikuwa mutu wa tatu," Ézéchiel aliapa. "Ni yeye alimuonyesha kaka. Uso sikuuona." Nani amwamini? Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Kinasa sauti kiliyanasa maneno, ndiyo, lakini injini ya lori ilikuwa inanguruma, ikayameza. Mjini hapa mwenye sikio na mitambo ya kuyafukua alikuwa mmoja tu, Rigobert.

Yeye na Mbusa walikuwa na wazimu mmoja. Kila Jumamosi walishindanisha konvertisa zao, visanduku vinavyogeuza tarakimu za mashine kuwa sauti ya kusikika. Cha Rigobert kilikuwa kizito, cha rangi ya fedha, kimetoka Ulaya kwa bei ya pikipiki mbili. Cha Mbusa kilikuwa kidogo, cheusi, kimekuja kutoka Guangzhou katikati ya mzigo wa vitenge. Mchezo ulichezwa macho yamefungwa, maana jicho linapenda kitu ghali na kulidanganya sikio. Na kila Jumamosi, jamani, kile kidogo cheusi kilishinda. Hata Rigobert mwenyewe, macho yamefungwa, alikichagua mbele za watu. Walimcheka, naye akacheka nao, meno tu.

"Tunaanza na yangu," Rigobert alisema, akaweka kisanduku chake kando ya kile cheusi alichokileta Kasoki, akavaa kaske za pili.

Injini. Watu wawili wanaamrisha. Kisha wa tatu, chini kabisa, anasema jambo fupi.

"Iko kama mutu anasemea ndani ya mutungi," Kasoki alisema. "Sasa tia ya Mbusa. Ile haitanificha kitu."

Rigobert akashika swichi ya kuhamisha sauti kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Alijua uhai wa mtu ulikuwa umekaa kwenye ncha ya kidole chake, na alitamani lile jambo liishe upesi. Kidole kikabonyeza swichi: ta. Kikabonyeza tena: ta. Akaianzisha sauti upya.

Kasoki aliinamisha kichwa, mdomo wazi. Alisikiliza kwa mwili mzima.

"Papa, ni vile vile. Minasikia mutungi tu."

"Sikiliza mwisho wa maneno," Rigobert alisema polepole, akairudia. "Ile namna ya kumeza-meza. Nani anasemaka vile?"

Kasoki alizikandamiza kaske masikioni.

"Ézéchiel anasemaka vile. Lakini bantu bengi banasemaka vile, papa. Ule mutoto nilimulea mimi, nilimupata na miaka tano. Sema wewe. Sikio yangu iko na uchungu, haina akili."

"Konvertisa ya bwana yako haijasemaka bongo, haijadanganyaka mutu hata siku moja, mama."

"Basi sema jina."

"Ézéchiel."

Kasoki aliinua simu, kitambaa bado machoni. "Ni yeye," alisema. Makelele yaliyolipuka kule Kenya yalijaza chumba, na katikati yake mtu mmoja aliita "yaya, yaya", kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, mpaka Kasoki alipokata. Hakulia. Alifungua kitambaa mwenyewe, akakikunja pembe kwa pembe na kukiweka mezani.

"Aksanti, papa. Bila weye ningeendelea kumupikia. Ile konvertisa bakia nayo, Mbusa angependa. Na kinasa sauti pia. Siwezi kuisikia tena."

"Mungu akulinde, mama."

Alimsindikiza mpaka getini, akasimama hadi teksi ilipokata kona. Kisha akarudi ndani na kuvaa kaske. Alitaka kuhakikisha kabla ya kufuta. Safari hii alibonyeza swichi mara moja tu.

Taa ya kile kidogo cheusi ikawaka. Injini ikasogea nyuma, na yule mtu wa tatu akaja mbele, karibu, kila neno mahali pake.

"Ni huyu," sauti ya Rigobert mwenyewe ilisema ndani ya kaske. "Ule wa chini ya lori mumuache, hana kosa."