Kutoa Upepo Kwenye Breki

Siku hizi gari linaloendeshwa na mtu haliruhusiwi kutoka getini, kwa hiyo Pijo letu la zamani tulilitengenezea uani, mimi na mume wangu. Tulishabadilisha springi, shokomzoba na bushi za usukani. Zilibaki breki, na kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili. Baba Ndeshi alikaa kwenye usukani. Mimi nikajilaza chini na spana.

“Kanyaga… kanyaga… shikilia!”

Akashikilia. Nikalegeza nati, povu likatoka, nikakaza.

“Achia!”

Tulipomaliza alinifuta grisi shavuni. “Sasa hata mlimani linasimama, Mama Ndeshi.”

Mchana likaja gari la kumpeleka makazi ya wazee. Ukitimiza miaka sabini linakufuata. Mimi zamu yangu bado. Halina dereva wala usukani. Baba Ndeshi akapanda, mlango ukajifunga, likaondoka.

Kupitia kioo cha mlango nikaona goti lake likipanda na kushuka. Alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo.

“Shikilia!” nikapiga kelele, nikilikimbilia na spana mkononi. “Shikilia, baba!”

Goti likatulia. Alikuwa ameshikilia.

Gari likaongeza mwendo.