Mwanya

"Hili la mbele likitoka, mwanya wako ndiyo basi tena, mama," daktari wa meno alisema.

Bi Mwanahawa alifumba macho. Jino lilikuwa limemnyima usingizi wiki nzima. Lakini mumewe, Mzee Shomari, alikwisha kusahau majina ya wanawe, hata njia ya chooni. Kila asubuhi mkewe humchekea, naye Mzee akiuona ule mwanya husema, "Mke wangu huyo."

"Ling'oe," alisema mwishowe.

Alirudi nyumbani ameuma pamba. Mzee alikuwa barazani, kwenye mkeka. Bi Mwanahawa akaitema pamba iliyolowa damu, akaifunga kwenye pindo la kanga, kisha akatabasamu kadiri ganzi ilivyomruhusu.

Mzee alimtazama mdomoni kwa muda mrefu. Halafu akajisogeza, akampisha kama apishwavyo mgeni.

"Karibu, dada. Mke wangu kaenda kung'oa jino, lakini hatachelewa."

Bi Mwanahawa akaketi kando yake. Ulimi wake ukawa unalipapasa pengo, na wote wawili wakatazama njiani.