Kikombe Juu ya Paja

Ukumbi ule wa kung fu ulikuwa na sharti moja: mwanafunzi hatoki kwenye mkao mpaka ataje, kwa Kikantoni, jina la mkao unaofuata. Wenzake walikuwa wameshamaliza na sasa wanavaa viatu. Tunu peke yake alibaki katikati ya sakafu, miguu kaipanua, magoti kayakunja kama aliyepanda farasi, na kikombe cha maji juu ya paja.

"Huu unaitwaje?" aliuliza Mwalimu Badi.

"Sei ping ma."

"Na unaofuata? Ndio wa mwisho, kisha uende zako nyumbani."

Nje honi ya gari ililia. Mumewe alikuwa ameshafika, na hakuwa mtu wa kungojeshwa.

"Nimesahau, Mwalimu."

Salme, shoga yake, aliinama karibu naye akijifanya anafunga kamba za viatu. "Sau sik," alinong'ona. "We Tunu! Si jana tu umenifundisha wewe mwenyewe?"

Tunu alikaza macho ukutani kama hakusikia. Honi ililia tena, safari hii bila kukatika. Kisha ikanyamaza, na mlango wa gari ukabamizwa.

Mwalimu alitazama mlangoni, akamtazama Tunu. Hakuuliza tena. Alichukua birika, akakijaza kile kikombe mpaka pomoni.

"Basi kaa hapo hapo," alisema taratibu, "mpaka ukumbuke."

Viatu vya mumewe vilikuwa vikipanda ngazi. Tunu alikunja magoti zaidi, na maji yakacheza kwenye ukingo wa kikombe, yakasimama hapo.